Bakteria wa Jumatatu

Mama mkwe wangu aliwahi kuwaeleza wenzake wa kanisani kwamba kazi yangu mjini Kisii ni kushika mikojo ya watu. Hakusema uongo. Nilisoma miaka mingi, nikaandika tasnifu mpaka macho yakaniwasha, na mwisho wa yote nikaajiriwa katika maabara ya chuo ambako kila asubuhi napokea vichupa vya mkojo. Kusemwa hakukuniudhi. Kilichoniudhi ni kile kicheko kidogo alichokiweka mwishoni, kicheko cha mtu anayewaachia wengine wamalizie hadithi.

Basi wacha niimalizie mwenyewe. Mkojo wa mwanamke mzima huwa na seli zake ndani, zile za utando laini wa njia ya mkojo, ambazo huchakaa na kutoka zenyewe. Tunauzungusha mkojo katika mashine mpaka seli zizame, tunaziosha kwa maji ya chumvi, kisha tunazichanganya na bakteria waliotoka kwa mgonjwa. Mchanganyiko huo unakaa katika joto la mwili, ukitikiswa polepole. Halafu tunauchuja na kuuosha. Kichujio kinazishika seli na kuwaachia njia bakteria wasioshikilia kitu. Wanaobaki ni wale waliong'ang'ania. Tunawapaka rangi ya zambarau juu ya kipande cha kioo, nakaa kwenye hadubini na kibonyezo cha kuhesabia mkononi, na nahesabu seli moja baada ya nyingine, bakteria wangapi wameganda juu ya kila moja. Wana vinyweleo vya kushikia ambavyo hata hadubini yetu haivioni. Tunachoona ni kazi ya vinyweleo hivyo.

Naipenda kazi hiyo, na sioni haya kusema hivyo. Shingo inauma, macho yanauma, lakini ukishahesabu kwa uaminifu hakuna mtu anayeweza kukuambia kwamba ulichokiona hukukiona. Katika maisha ya mwanamke aliyeolewa mlimani kwetu, hicho si kitu kidogo.

Shida ni kwamba na mimi nilikuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ule ule ninaoufanyia kazi. Nilikuwa naamka nikihisi moto kila nikienda haja ndogo, kiuno kinaniuma, wakati mwingine homa. Namaliza vidonge, napona, na kabla sijasahau umerudi. Watu wa mjini huuita UTI, wananunua dawa na kuendelea na shughuli zao. Kwa wakwe zangu kule Gesima haukuwa na jina la heshima. Mwanamke akiugua huko chini mara kwa mara, watu hutazama sehemu ya maisha yake wasiyoiona, na sehemu yangu wasiyoiona ilikuwa Kisii.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, shule iko karibu na nyumbani, na ni mtu mwema asiyependa kelele. Alikubali kupimwa bila kusukumwa. Akaonekana mzima, na uzima wake ukageuzwa ushahidi dhidi yangu. Mama yake akauliza, kwa upole kabisa, kama mwanaume ni mzima, ugonjwa unatoka wapi. Kuanzia hapo kukawa na maneno ya chini kwa chini kwamba niache kazi. Mji ndio unaoniua, walisema. Nikae nyumbani, nichume chai, nipone, na jina la boma lipone pamoja nami.

Niseme wazi nilichokuwa nakipigania. Mshahara ungeweza kupatikana kwingine. Nilikuwa napigania nisiitwe mchafu, na nisiondolewe mahali pekee palipokuwa na vifaa vya kuonyesha kwamba mimi si mchafu.

Nikawa na wazo. Katika maabara tulikuwa tunalinganisha seli za wanawake wanaougua mara kwa mara na za wanawake wasiougua. Inajulikana kwamba kuna wanawake ambao seli zao huwapokea bakteria kwa urahisi zaidi. Wamezaliwa hivyo, na haihusiani na usafi wala tabia. Nikajiambia kwamba bila shaka mimi ni mmoja wao. Nilitaka seli zangu ziwe na hatia ili mimi niwe huru. Tayari nilikuwa nimeshaipanga hotuba. Ningesimama jikoni kwa mama mkwe na kumwambia kwamba niliumbwa hivi, na kama ana malalamiko ayapeleke kwa Mungu, maana anaenda kumwona kanisani kila Jumamosi.

Mkuu wa maabara yetu ni mwanamke wa upande wa ziwani, mkali, mcheshi akitaka, na hana subira na mtu anayetaka jibu kabla ya kuhesabu. Tunamwita Daktari. Nilipomwomba kuingiza mkojo wangu katika vipimo, alikubali, lakini akaweka sharti. Alifunika alama za vioo vyote kwa karatasi ya gundi na kuvichanganya mwenyewe, ili nisijue ni kipi changu. Nilihesabu vyote. Kila nilipokutana na kioo chenye seli zilizosongwa na bakteria pande zote, nilisema moyoni kwamba hiki ndicho, hiki ni mimi. Nilifurahi kuona bakteria wengi kuliko mtu yeyote aliyewahi kufurahia jambo hilo.

Alipobandua karatasi, kioo changu kilikuwa katikati. Cha kawaida. Seli zangu hazikuwa na tofauti yoyote na za wanawake wasiougua.

"Ziko sawa tu," Daktari akasema. "Hizi seli zako hazina shida."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi za jengo, nikatazama watu wakishusha mikungu ya ndizi kutoka kwenye lori, na nikakasirika. Nilikuwa nimejinyima utetezi kwa mkono wangu mwenyewe. Ningeweza kumficha mama mkwe matokeo yale, lakini singeweza kuificha nafsi yangu. Nilirudi ndani nikaosha vyombo kwa hasira, na Daktari aliniacha, kwa sababu naye ameshawahi kuosha vyombo hivyo.

Siku chache baadaye mabomba yalikauka, kama yanavyokauka Kisii bila kumuaga mtu. Jengo zima halikuwa na tone. Nilikuwa nimeshaweka michanganyiko kwenye joto, ikiwemo ya seli zangu, na muda wa kuosha ulipofika sikuwa na maji safi ya kutengenezea maji ya chumvi. Tulimtuma mtu atafute. Akakawia. Asubuhi ikaisha, seli na bakteria wakiwa pamoja humo humo, bila kuoshwa. Maji yalipopatikana nilitaka kumwaga vyote na kuanza upya, lakini Daktari alinizuia. Akasema nioshe kama kawaida, nihesabu nione.

Niliosha mara mbili, mara tatu. Hawakutoka. Seli zilezile zilizokuwa na bakteria wachache tulipoziosha kwa wakati, sasa zilikuwa zimefunikwa, nyingine hata ukingo hauonekani. Si kwamba sikujua. Kila mtu wa maabara anajua kwamba ukichelewa kuosha wanashika. Ni somo la wiki ya kwanza. Lakini sikuwahi kulitazama somo hilo juu ya seli zangu.

Daktari alivuta kiti akakaa karibu nami. Ndiye aliyekuwa akinipa ruhusa kila ninapokwenda hospitali, na alikuwa ameona kitu ambacho mimi sikukiona.

"Kwa nini wewe huugua Jumatatu?" akaniuliza.

Nikamwambia ni bahati mbaya tu. Akasema hapana, ni Jumatatu, au siku ya kwanza baada ya sikukuu, na likizo ya Desemba ndiyo mbaya kuliko zote. Halafu akaniambia nimjibu kama mtu, nisimjibu kama mwanafunzi.

"Jumamosi ukiwa kwenu, unakojoa saa ngapi?"

Mimi na Daktari huongea Kiswahili. Yeye hajui Ekegusii na mimi sijui Kijaluo. Kuna mambo ambayo mtu anaweza kuyasema kwa Kiswahili, na ambayo kwa lugha ya mama yake yangemchoma ulimi. Nilimjibu. Nilisema alfajiri kabla hakujapambazuka, kisha jioni baba mkwe akishaingia ndani.

"Na katikati?"

"Nabana."

Lazima nieleze, kwa sababu najua kuna wanaosoma hapa na kujiuliza mtu mzima anabana mkojo kwa nini. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mtu na baba mkwe wake hawaoneani mambo ya mwili. Siingii chumbani kwake, sikalii kiti chake, sitaji mbele yake chochote kilicho chini ya kitovu, na asinione nikielekea chooni. Nyumba yetu iko kwenye shamba lake, chini kidogo ya nyumba yake. Zamani kulikuwa na choo cha wanawake upande wetu, kikadidimia wakati wa mvua kubwa, na kila mwaka husemwa kitachimbwa kingine. Kilibaki kimoja, cha kwake, nyuma ya migomba, na njia ya kukifikia inapita mbele ya kiti chake. Mzee amestaafu, mguu unamsumbua, na kila siku hukaa pale na redio yake tangu asubuhi mpaka baridi imfukuze. Mama mkwe hupita bila neno, yeye ni mke wake. Mimi nangoja. Ukisema niende shambani, hujaona Gesima. Chai haifiki kifuani, na kwenye mteremko wetu jirani anayechuma upande wa juu anakuona hata ukichutama. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili nilikuwa nakunywa nusu kikombe cha chai na kujifanya nimeshiba.

Siku za kazi sikuwa na shida. Naondoka mapema, napanda gari pale Masimba, na chuoni kuna choo chenye kitasa kwa ndani.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala kunihurumia. Alisema hata kwao mambo hayo yapo, kwa sura nyingine. Kisha akaonyesha chupa ya maji ya chumvi iliyokuwa mezani.

"Hayo maji ndiyo mkojo," akasema. "Mwili wako unajua kuosha. Wewe umeuzuia."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kwenda. Mwaka mzima nilikuwa nimeambiwa kwamba naokota ugonjwa mjini na kuuleta nyumbani, kumbe nilikuwa nauokota nyumbani na kwenda kuugulia mjini. Na dawa waliyokuwa wakinitakia, kukaa nyumbani, ndiyo ingenimaliza.

Nilimweleza mume wangu. Alielewa kila kitu, tena haraka, na akaahidi kuzungumza na baba yake. Wiki zikapita. Kila nikimuuliza anasema anatafuta nafasi. Sikumlaumu sana, kwa sababu hata mtoto wa kiume ana chinsoni na baba yake. Atamwambia nini? Baba, mke wangu anataka kukojoa? Alijaribu mara moja, akaanza na habari za mvua, akaishia na habari za bei ya mbolea.

Kabla hajapata nafasi nyingine, mama mkwe aliitisha kikao.

Leo kuna choo cha pili katika boma lile na kazi yangu bado ninayo, kwa hiyo sisimulii kikao hicho ili nihurumiwe. Nasimulia kwa sababu wengine walioketi pale sasa wanakisimulia kana kwamba kilikwenda kwa utaratibu.

Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya ibada ya Sabato. Viti vya plastiki vilipangwa uwanjani, mbele ya nyumba ya mzee. Yeye alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, fimbo imelala magotini. Kulikuwa na wazee wachache wa ukoo, mama mkwe, mume wangu na mimi. Chai ilimiminwa na mke wa shemeji yangu, msichana aliyeolewa mwaka ule ule, mnyamavu, ambaye bado alikuwa akitembea bomani kama mgeni. Aliponifikia na birika nilinyoosha kikombe kikajazwa. Nikanywa chote. Akarudi, nikanyoosha tena. Aliniangalia, kwa sababu hakuwahi kuniona nikimaliza hata kikombe kimoja.

Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyepewa kazi ya kusema. Ana sauti nzuri, hutumiwa sana kwenye mazishi.

"Mke wetu," akaanza, "hakuna anayekuchukia hapa. Tunataka upone. Hiyo kazi ya mikojo ya watu iache, ukae nyumbani tukuangalie. Afya ikirudi, tutaona."

Kwa desturi mume wangu ndiye angejibu kwa niaba yangu. Alikohoa, akaweka kikombe chini. Nikamgusa mkono na kusema nitajibu mwenyewe. Mama mkwe akajifunga leso upya, nayo haikuwa imelegea.

Nilisema kwa Ekegusii. Kwa Kiswahili ingekuwa rahisi zaidi, na ndiyo sababu sikukitumia. Niliwaambia kwamba mimi huugua Jumatatu, na kwamba Jumapili siwi Kisii, nakuwa hapa. Niliwaeleza kuhusu seli na bakteria kwa maneno ya nyumbani. Kuna vijidudu vinavyotaka kushika ndani ya mwili, nikasema, mkojo ndio maji yanayoviosha, na yakicheleweshwa vinashika na havitoki tena. Niliwaambia nimevihesabu kwa macho yangu. Mpaka hapo walikuwa wakitikisa kichwa kwa adabu, maana elimu inaheshimiwa kwetu, hasa isipomgusa mtu.

"Hapa nyumbani siendi chooni kutoka alfajiri mpaka jioni," nikasema. "Sitaki baba anione nikipita. Mkitaka nikae nyumbani, mnataka kila siku yangu iwe Jumapili."

Mzee mmoja akaanza kuchunguza viatu vyake. Mume wangu aliangalia migomba. Baba mkwe hakunitazama, lakini aliinyooshea mkono redio yake iliyokuwa ikinong'ona kando ya kiti, akaizima, na sijui kama ni kwa sababu alitaka kusikia vizuri au alitafuta tu kazi ya kuipa mikono.

"Mambo hayo hayasemwi mbele ya wazee," mama mkwe akasema.

"Ndiyo maana nimeugua, mama."

Sikusema kwa kiburi, ingawa leo hii yeye hudai kwamba nilisema kwa kiburi. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimebanwa. Vikombe viwili vya chai vilikuwa vimefika, na kwa mara ya kwanza katika boma lile sikuwa na nia ya kuvizuia. Baba mdogo alianza maneno ya kutuliza, kwamba jambo limesikika, litatafutiwa njia, kwa polepole. Nilijua polepole hiyo. Nilikuwa nimeingoja tangu mvua iliyodidimiza choo.

Nikasimama.

"Sasa naenda chooni," nikasema. "Nikirudi tutaendelea."

Nilipita katikati ya viti, nikaifuata ile njia, na njia haikuwa na namna nyingine isipokuwa kupita mbele ya miguu ya baba mkwe wangu. Nilikuwa naogopa, sitasema uongo, lakini sikuinamisha kichwa wala kuharakisha. Nilipomkaribia aliivuta fimbo yake ili isinikwaze. Alifanya hivyo akitazama upande, kwa upole, na upole ule ulikaribia kunivunja nguvu zaidi kuliko matusi. Nilimwambia asante, nikapita.

Nikakojoa bila haraka. Kuta za choo kile ni mabati, na nina hakika walinisikia mpaka mwisho. Niliwaacha wasikie.

Nilipofungua mlango, mke wa shemeji yangu alikuwa amesimama hapo nje, peke yake, birika bado mkononi. Alikuwa amepita mbele ya wazee wote hao kuja huko, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Umemaliza, dada?" akaniuliza.

Nikampokea birika. Aliingia haraka akajifungia, na nikamsikia akipumua kwa nguvu kama mtu aliyeshusha mzigo mzito. Ndipo nikajua kwamba naye alikuwa akihesabu masaa, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia mwenzake.

Nilirudi uwanjani na birika lile. Nikamimina chai kwenye kikombe changu, nikakaa. Baba mdogo akasafisha koo. Akauliza, akitazama zaidi kikombe kuliko mimi, kama sasa tunaweza kuendelea.

"Bado," nikamwambia. "Mwenzangu yuko chooni."

Na wazee wakangoja.